Magauni Meupe ya Tenter Croft

TANGAZO RASMI KWA WAKAZI WOTE WA TENTER CROFT. Kwa kuwa Ofisi ya Afya imethibitisha, baada ya uchunguzi mrefu na wa kuchosha, kwamba masharubu ya mwanamume ndiyo makao makuu ya maradhi. Na kwa kuwa Pentekoste inabisha hodi. Basi inaamriwa kwamba kila mwenye masharubu yanayozidi upana wa kidole ayachemshe kwa robo saa kabla ya Ijumaa ya maandamano, yakiwa usoni au nje ya uso, kama atakavyoona inafaa. Asiyeweza kuyachemsha na ayanyoe. Paka hawahusiki.

Karatasi ilikuwa ya ofisi kweli, yenye nembo ya mji: kondoo mmoja na gurudumu la maji. Mwandiko ulikuwa mzito na wenye mikia mirefu, ule ule wa Daktari Threlfall, afisa wa afya wa mtaa. Hata gundi ilikorogwa kwa unga wa ngano kama ya ofisini. Kitu kimoja tu hakikuwa cha daktari, nacho ni maneno. Hayo yalikuwa ya binti yake Hester, mwenye umri wa miaka kumi na sita, aliyeyabandika kwenye mlango wa chapeli alfajiri ya Jumamosi, akarudi nyumbani kwa mlango wa uani, akajifunika shuka hadi kidevuni, na saa mbili akaamka akipiga miayo ya mtu asiye na dhambi.

Kwa haki, Hester hakutakiwa kuwa Tenter Croft hata kidogo. Alitakiwa kuwa bwenini huko Lytham, akijifunza Kifaransa na unyenyekevu. Lakini mwezi wa Mei aliongoza mazishi ya bakuli la wali wa maziwa lililokuwa limerudi mezani siku nne mfululizo bila kupata mlaji. Palikuwa na jeneza, palikuwa na wimbo, na palikuwa na wasifu wa marehemu uliomtoa machozi mwalimu mkuu, mpaka alipoinama kutazama ni nani aliyelala ndani. Hester akarudishwa nyumbani “akapumzike hadi baada ya Pentekoste.” Shule za heshima hazimfukuzi mtu, humpumzisha.

Na kupumzika ndiko kulikokuwa kunamuua. Tenter Croft ilikuwa na mitaa sita ya nyumba zilizopeana migongo, viwanda viwili vya pamba, chapeli, na mvua. Mashine zilinguruma kutwa, na sakafu ya nyumba ya daktari ikatetemeka nazo, kiasi kwamba mtu akikaa kitini huhisi kitu kinamsukuma kwa chini kikimwambia ondoka, ondoka. Hester aliondoka kitini mara arobaini kwa siku. Hakuwa na pa kwenda.

Tangazo lilifanikiwa kupita matarajio ya mwandishi wake. Viwanda vilipofungwa adhuhuri ya Jumamosi, watu walisongamana mlangoni pa chapeli, mwenye kusoma akimsomea asiyejua. Wanawake walishikana mabega kwa kicheko. Vijana wakawa wanasimamishana njiani na kuulizana kwa uzito, “Ndugu, umeshachemka?” Lakini mzaha ni kama jiwe lililorushwa juu ya ukuta: mrushaji huusikia mlio tu, haoni limemwangukia nani. Lilimwangukia Mzee Enoch Clegg. Mzee Enoch alikuwa mfumaji mstaafu na mbeba bendera ya chapeli, mtu aliyejifunza kusoma akiwa na miaka hamsini na ambaye, kwa sababu hiyo, aliheshimu kila kilichoandikwa. Aliona kondoo, akaona gurudumu, akaenda nyumbani kunoa wembe. Jumapili aliingia ibadani na mdomo wa juu mweupe kama kitu kilichozaliwa jana. Mjukuu wake Dorcas, wa miaka saba, alimshika mkono huku akiinua macho kila hatua mbili, kama anayehakikisha kwamba hajashikwa na mtu mwingine.

Hester alificha uso ndani ya kitabu cha nyimbo na kucheka hadi mbavu zikamuuma. Kisha akatazama tena, akaona jinsi mzee anavyoupeleka mkono mdomoni na kuukuta hauna cha kushika. Kitu kikamchoma mahali fulani. Akageuza ukurasa.

Jumatatu likatoka tangazo la pili, na hili lilikuwa la kweli. Homa nyekundu ilikuwa imeingia mtaa wa jirani. Watoto wanne walikuwa wamelazwa hospitali ya homa, na mmoja alikuwa ameshazikwa. Ijumaa, kama kila wiki ya Pentekoste, wasichana wote wa chapeli wangetembea mji mzima wakiwa wameshikana mikono nyuma ya bendera, wamevaa meupe. Daktari Threlfall aliagiza kwamba kila nyumba inayoshona nguo za maandamano ifungue mlango ikaguliwe. Kila mtoto mgonjwa atajwe. Na kila nguo iliyokaa karibu na mgonjwa ipelekwe ofisini kupitishwa katika tanuri la mvuke. Aliandika kwa mkono wake, akabandika mwenyewe, akavua kofia kuwasalimu waliokuwepo.

Walisubiri apinde kona, kisha wakaangua kicheko.

“Safari hii nguo ndizo zinazochemshwa,” alisema mwanamke mmoja akifuta machozi kwa ncha ya shali. “Mwezi ujao watatuchemshia waume zetu.”

“Wangu mchukueni hata leo,” akajibu mwenzake. “Mbichi hafai, huenda akiiva.”

Hakuna mlango uliofunguliwa.

Jumanne Hester hakuweza kukaa. Alitaka kusikia watu wanasemaje, na alitaka vilevile kutosikia. Akafumua pindo la sketi yake mwenyewe ili apate sababu, akaenda kwa Keziah Rigby, mshonaji, ambaye kila mwaka ndiye aliyeshona magauni ya wasichana wa mbele, wale kumi na wawili wanaoshika riboni za bendera. Huko habari zote za mtaa hupita kama uzi kwenye tundu la sindano.

“Hodi.”

“Nani?”

“Hester, Bi Keziah. Wa daktari. Pindo la sketi limefumuka.”

Alichelewa kufungua kuliko pindo linavyostahili. Kitu kilisogezwa. Kisha komeo likatoka. “Ingia, lakini angalia unapokanyaga. Nina vitambaa kila mahali.”

Hakukuwa na kitambaa hata kimoja sakafuni. Palikuwa na cherehani chini ya dirisha, kiti, moto uliokaribia kuzimika, na Keziah mwenyewe, mwembamba, macho mekundu, pini nne zimebanwa kwenye kifua cha gauni lake kama nishani za vita.

“Na magauni ya Ijumaa yako wapi? Nilitaka kuyaona.”

“Yako juu. Yamekwisha, bado vifungo tu. Lete hiyo sketi.”

“Mwanao Wilf hajambo?”

“Yuko Rochdale kwa shangazi yake.”

Juu ya vichwa vyao mtu akakohoa, kikohozi kidogo, kikavu.

“Shangazi yake ana nyumba karibu sana,” alisema Hester, na kabla Keziah hajainuka kwenye kiti alikuwa ameshapanda nusu ya ngazi. Hivyo ndivyo alivyokuwa. Miguu yake ilifanya jambo, kisha akili ikaja nyuma ikihema.

Mwanzoni alidhani ni theluji. Kitanda kizima kilikuwa cheupe, kimerundikwa kitambaa laini cha melimeli tabaka juu ya tabaka, mikono ya magauni yenye marinda ikining'inia kandokando, kola zenye lesi zikipishana kifuani. Juu ya weupe huo kilikaa kichwa cha mtoto wa miaka mitano. Mashavu yake yalikuwa mekundu kama yaliyochapwa, isipokuwa pembeni mwa mdomo palipobaki pakavu na peupe. Shingo yote ilikuwa na vipele. Alimtazama Hester bila kushangaa, akafumba macho, akajivutia gauni moja hadi sikioni.

Hester hakuiogopa homa ile kwa nafsi yake. Aliugua akiwa mdogo, ikampita. Ila aliishi nyumbani kwa daktari tangu azaliwe na alijua anachokiona. Aliyahesabu magauni bila kutaka. Kumi na mawili.

“Alikuwa anatetemeka,” Keziah alisema nyuma yake. “Blanketi amelitapikia, liko kambani, na kwa mvua hii halikauki. Ningemfunika na nini? Hicho ndicho kitambaa kilichomo humu ndani.”

“Bi Keziah, haya yanavaliwa Ijumaa.”

“Nitayapiga pasi. Pasi ya moto kweli.”

“Baba anasema nguo haisahau aliyeilalia.”

“Baba yako si amesema pia masharubu yachemshwe?” Keziah alinyoosha mkono wa gauni moja uliokunjamana, kwa upole, kana kwamba gauni nalo linaumwa. “Au si yeye?”

Hester akatazama ngazi.

“Mimi hukaa dirishani na mwanga wa kwanza, binti daktari. Nilikuona Jumamosi na kindoo chako cha gundi. Unabandika vizuri. Ncha zote nne.”

Chini, kaa la mwisho likaanguka mekoni. Keziah alikaa ukingoni mwa kitanda, na aliposema tena sauti yake haikuwa ya kutisha mtu. Ilikuwa sauti ya mtu aliyechoka kubeba kitu kile kile.

“Binti yangu Agnes walimchukua kwa gari la homa, mwaka juzi. Ndani huruhusiwi. Wanakupa namba, na kila jioni unakwenda langoni kuitafuta ubaoni. Thelathini na saba, hali ni ile ile. Thelathini na saba, hali ni ile ile. Siku ya tisa nikaenda, namba haipo. Sikuambiwa neno. Namba tu, haipo.” Akampangusa Wilf jasho kwa kiganja. “Huyu hatoki humu. Na nikiyasema magauni haya, sitashonea tena mtu yeyote Tenter Croft. Wewe una lako, mimi nina langu. Funga mdomo, nami nitaufunga wangu.”

Hester alishuka ngazi na kutoka. Sketi aliisahau.

Kuanzia hapo kitu kiliingia miguuni mwake. Alinawa mikono mara tatu. Alitembea hadi mfereji na kurudi, hadi kiwandani na kurudi. Mvua ikamlowesha, akakauka, ikamlowesha tena. Alijiambia kwamba pasi ya moto huenda inatosha. Alijiambia kwamba Wilf anapata nafuu, kwamba si kila kipele ni homa nyekundu, kwamba yeye si daktari. Alijiambia mengi, na yote yalikuwa na mwandiko mzuri.

Mezani, jioni ya Jumatano, baba yake alikuwa na barua kando ya sahani.

“Kamati ya afya inataka nijieleze Jumamosi,” alisema Daktari Threlfall. “Karatasi za ofisi, mwandiko wangu. Mwenyekiti anashuku nimeanza kunywa.”

“Umeanza?”

“Nalifikiria.” Alikata mkate, akausahau. “Miaka kumi na tisa, Hester. Nimewabembeleza watu hawa wachemshe maji, wafagie, wafunike, waseme mapema. Miaka kumi na tisa ndipo walipoanza kunifungulia milango. Leo nimebisha nyumba ishirini na sita. Wote wako ndani, nawasikia wakicheka. Wakinipita njiani wanajipapasa midomo.” Akamtazama bintiye kwa macho ya mtu anayeuliza kweli. “Ni nani anayenichukia hivi?”

“Labda hakuchukii. Labda alichoka kukaa tu.”

“Kuchoka kukaa.” Daktari alilitafuna neno hilo badala ya mkate. “Basi angetembea.”

Hester alihisi sakafu ikimsukuma kwa chini. “Baba,” alisema.

“Naam?”

Ilikuwa pale, yote, nyuma ya meno yake: masharubu, kitanda cheupe, namba thelathini na saba. Angeyasema ya magauni, Keziah angeyasema ya gundi. Angeyasema ya gundi mwenyewe, macho yale yaliyo mbele yake yasingemwangalia tena hivi, bila ulinzi.

“Nikuongeze chai?”

Kikombe chake kilikuwa kimejaa.

Alhamisi akapata wazo, na lilimjia kama yalivyomjia mawazo yake yote, likiwa limevaa joho na kofia. Uongo ndio uliomwingiza shimoni. Basi uongo huo huo umpe ngazi. Aliiba karatasi nyingine ya ofisi. KWA KUWA mvua haikomi, na KWA KUWA njia ya kuteremkia sokoni ina utelezi usiostahili heshima ya chapeli, maandamano yanaahirishwa kwa wiki moja. Wiki moja! Ndani ya wiki angepata njia ya kumshawishi Keziah, au magauni yangefuliwa, au kitu kingetokea. Hakuna ambaye angeumia. Aliyasoma tena, akaona ni maandishi yaliyonyooka kuliko yote aliyowahi kughushi. Hakukuwa na mzaha hata mmoja ndani yake.

Ijumaa mvua ilikatika, jambo la kumkomoa. Alipofika ukumbi wa chapeli saa mbili na nusu asubuhi, wapiga tarumbeta walishakusanyika uani wakitemea midomo ya vyombo vyao, na bendera ilikuwa imeegemezwa ukutani, riboni zake kumi na mbili zikipepea. Kutoka ukumbini zilisikika sauti za akina mama na watoto wanaovalishwa. Hester alipenya ujia wa pembeni, akatoa kindoo chini ya shali, akapaka gundi kwenye ubao wa matangazo, akainua karatasi.

“Brashi unaishika kama fundi,” alisema mtu nyuma yake.

Mzee Enoch alikuwa amevaa koti lake la Jumapili na glavu nyeupe za kubebea bendera. Mdomo wake wa juu ulikuwa umeanza kuota vinyweleo vya kijivu, vifupi, kama shamba lililochomwa.

“Baba amenituma, mzee.”

“Daktari yuko pale uani. Anamsihi mzazi mmoja mmoja, kwa mdomo, kofia mkononi. Mtu aliyeahirisha maandamano asingehangaika hivyo.” Alisogea, akaisoma karatasi polepole, kidole kikifuata kila neno kama alivyofundishwa. Akaisoma hadi mwisho. Kisha akayahamishia macho kwenye kindoo, na kutoka kwenye kindoo kwenye uso wa Hester. “Kwa hiyo lile lilikuwa lako.”

“Ndiyo, mzee.”

“Miaka thelathini na mmoja nilikuwa na masharubu yale. Mke wangu amezikwa hajawahi kuniona bila hayo. Nikifika kwake atauliza huyu ni nani.”

“Nisamehe, mzee. Lakini la Jumatatu, lile la pili, ni la kweli. Ni la baba mwenyewe.”

“Na hili?”

“Hili ni la uongo. Lakini ni la uongo kwa sababu nzuri.”

Mzee Enoch alifikiri. Hakuwa mwepesi, lakini alipofika, alifika. “Matangazo matatu. La kwanza uongo, la tatu uongo. Na unataka niamini la katikati.”

Hester alifungua mdomo kumjibu, na kupitia mlango ulioachwa wazi akaona ukumbi. Wasichana walikuwa wamejipanga kwa fulana na vijisketi vya ndani, wakirukaruka kwa baridi na furaha. Kikapu cha Keziah kilikuwa mezani, weupe umefurika ukingoni. Mbele ya meza alisimama Dorcas, mikono yote miwili juu, kichwa kimeinama, na Keziah, pini mdomoni, alikuwa anamteremshia gauni kichwani.

Miguu ikatangulia, kama kawaida. Alipopata akili alikuwa katikati ya ukumbi na ameshika pindo la gauni.

“Msimvike.”

“Ana nini huyu?” mama mmoja akauliza.

“Ni wa daktari. Labda anataka alichemshe kwanza.”

Wakacheka. Keziah hakucheka. Alilishika gauni upande wake, Hester upande wake, na kati yao, ndani ya melimeli, sauti ndogo ya Dorcas ikasema haoni kitu.

“Liachie,” alisema Keziah kwa sauti ya chini, pini zikitikisika. Hester hakuachia. Basi Keziah akainua uso kuwaelekea wote, na akalitoa lile alilokuwa ameliweka. “Muulizeni alfajiri ya Jumamosi alikuwa wapi. Muulizeni kindoo kile ni cha nini.”

“Nilikuwa mlangoni pa chapeli,” alisema Hester. “Nilikuwa nabandika tangazo la masharubu. Nililiandika mimi. Karatasi nimeiba kwa baba, mwandiko nimeuiga, gundi nimekoroga jikoni kwetu. Baba hakujua, na hadi sasa hajui.”

Ukumbi ukafanya jambo ambalo hakulitarajia: ukacheka tena. Mtu akasema, msikilizeni, hata kukiri anakiri kama anahubiri. Hester alizungusha macho akitafuta uso mmoja usiocheka, na alipoupata alitamani asingeutafuta. Baba yake alisimama mlangoni, kofia mkononi, na Mzee Enoch kando yake.

“Anajua sasa,” alisema Daktari Threlfall. Kicheko kikafa. Alitoa daftari mfukoni, lile la mistari analotembea nalo nyumba hadi nyumba, akalowesha penseli kwenye ulimi. “Sema lililobaki.”

“La Jumatatu ni lako. Watu hawakuliamini kwa sababu yangu.” Akaliinua gauni. “Na gauni hili lilikuwa kitandani kwa mgonjwa. Ni homa nyekundu, Baba. Nimeiona.”

“Kwa nani?”

Hester hakumtazama Keziah. Alitazama pindo mkononi mwake, mshono mdogo, sawasawa, usio na kosa. “Kwa Wilf Rigby.”

Akina mama walirudi nyuma hatua moja, wote kwa pamoja, wakiwavuta watoto kwa mabega.

“Gauni moja?” aliuliza daktari, penseli ikiandika.

“Moja,” ulimi ukatangulia, ingawa alikuwa ameyahesabu.

Keziah alizitoa pini mdomoni, moja moja, akaziweka kiganjani. Alikuwa ameshaachia gauni.

“Yote, Daktari,” alisema. “Kumi na mawili yote. Alikuwa anasikia baridi.” Akafunga kiganja juu ya pini. “Ukija na gari lako, mimi napanda pamoja naye. Namba sitaki.”

Daktari aliandika. “Utapanda pamoja naye,” alisema. “Nitasimama mlangoni pa hospitali mwenyewe.” Uani, mpiga ngoma ambaye hakuna aliyemweleza kitu alianza kuipima ngozi kwa vidole. Hester alihisi mwili wake ukilegea, uchovu wa wiki nzima ukimshuka, karibu tamu. Alikuwa amesema. Lililobaki ni adhabu, na adhabu alikuwa mzoefu nayo.

“Uliona kwa macho yako,” alisema baba yake bila kuinua uso.

“Ndiyo.”

“Lini?”

Hakuwa amelitegemea swali hilo. Jana, ulimi ulitaka kusema. Leo asubuhi, nilipokuwa napita. Uongo wote wawili ulikuwa tayari, umepigwa pasi. Ubavuni mwake Dorcas alikuwa amejinasua kutoka kwenye gauni, nywele zimemsimama, akimtazama kwa hamu kama mtu mwingine yeyote.

“Jumanne,” alisema Hester.

Penseli ilisimama.

“Mimi nililivaa Jumatano,” alisema Dorcas. “Kupimwa. Nililivaa muda mrefu, kwa sababu mkono mmoja ulizidi. Sisi sote tulivaa.”

Daktari alifunga daftari, akapiga goti mbele ya mtoto, akauliza kama koo linamuwasha, na Dorcas akamwangalia babu yake kwanza, kama anayeomba kuambiwa jibu lipi ndilo zuri. Mzee Enoch alivua glavu zake nyeupe. Alimshika mjukuu wake mkono, wakamfuata daktari hadi dirishani penye mwanga, na daktari akamwambia afumbue mdomo. Ndani ya fulana zao wasichana kumi na mmoja waliosalia walianza, mmoja baada ya mwingine, kupapasa shingo.

“Jumanne,” alisema Hester tena, ingawa hakuna aliyekuwa anamuuliza. “Saa nne asubuhi. Nilijua Jumanne.”